Presha ya oili ilivyolala kwenye lori la baba, na mimi peke yangu nikijua kwa nini

Salamu wakuu, wazee wa gereji, na nyie wengine mnaopita tu kutafuta cha kucheka.

Mimi ni mtoto wa Kasongo, Maniema, Kongo. Niko mwaka wa tano wa sekondari kwa mapadri, ingawa nyumbani sisi ni Waislamu. Huku hilo halimshangazi mutu. Kiswahili changu mtakisahihisha kwenye maoni, nimeshazoea.

Ninayosimulia yametokea kweli, mimi nilikuwepo na mikono yangu ilikuwepo. Majina tu nimebadilisha. Baba haingii humu, lakini wanafunzi wenzangu wanaingia.

Juzi nimesoma uzi wa mkuu mmoja mwenye lori kuukuu. Presha ya oili inashuka injini ikipata moto. Watu wote wakamwambia afungue injini.

Mkuu, weka spana chini kwanza. Soma hapa.

Baba yangu ni dereva wa lori la Mama Zaina. Lori si letu, mjue hilo mapema. Mama Zaina ni mfanyabiashara wa soko la Kasongo, mama mpole anayeongea polepole. Akizidi kupunguza mwendo wa maneno, ujue kuna mtu anakaribia kulia.

Baba anapeleka chumvi, sabuni na sukari Kabambare, anarudi na mpunga na karanga. Barabara ile pikipiki zinaiweza. Lori linaibembeleza.

Lori lenyewe limenizidi umri zaidi ya mara mbili. Kioo cha mlango wa kushoto ni ubao. Honi ni baba mwenyewe, anatoa kichwa nje na kupiga kelele. Kwenye dashibodi kitu kinachofanya kazi ni kimoja tu, sindano ya presha ya oili, na baba anaiangalia hiyo kuliko barabara. Anasema barabara ikitaka kukuua utaiona inakuja, oili haiagi.

Basi. Kuna mwezi mvua ilikata njia, lori likalala uani kwetu. Baba akapata habari ya msiba wa shangazi yake huko Lusangi, akaenda kwa pikipiki, akakaa matangani siku nne. Kabla ya kuondoka alipima oili. Ilikuwa imejaa sawasawa.

Siku ya pili yake, mimi na rafiki yangu Juma tukapata simbilisi.

Kwa wasiomjua, simbilisi ni mnyama wa porini, kama panya aliyekula kwa niaba ya ukoo mzima. Nyama yake ni tamu sana. Mtego ulikuwa wa Juma, moto ulikuwa wangu, pilipili tuliikopa kwa mama bila yeye kujua. Kilichokosekana ni kitu cha kuchomekea nyama.

Nikafikiri.

Kijiti cha kupimia oili cha lori ni kirefu, ni cha chuma, ni bapa, na kina pete ya kushikia. Wakuu, niambieni wenyewe. Aliyekitengeneza alikuwa anawaza nini kama si mishikaki?

Nilikipangusa kwa majani ya mgomba. Nyama iliiva. Ilikuwa na harufu ya barabara ya Kabambare kwa mbali, lakini tuliimaliza.

Tatizo likaja baadaye. Ncha ya kijiti ilikuwa imekaa kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, ikapinda. Juma akaizamisha kwenye ndoo ya maji ipoe haraka. Mimi nikataka kuinyoosha.

Ikakatika kama biskuti.

Kipande kilichobaki kwenye majivu kilikuwa na urefu wa vidole vitatu. Ndicho kilichokuwa na zile alama mbili, ya chini na ya juu.

Nikaenda kwa fundi wa baiskeli. Nampenda fundi yule, kwa sababu hakuulizi umetoa wapi wala unapeleka wapi. Akachukua ukanda wa chuma unaofungia mabalo, yale marobota ya mitumba, ule wa buluu, mwembamba, bapa, unaorudi wenyewe ukiupinda. Akaukata, akaufunga kwenye pete ileile ya zamani kwa ribiti, akanichorea alama mbili kwa tupa karibu na ncha. Nikaupaka oili chafu na masizi, nikauchomeka mahali pake.

Ukiutazama pale, ungesema umezaliwa na lori.

Sasa, fundi aliukata kulingana na urefu wa sampuli niliyompelekea. Na sampuli ilikuwa ni kile kijiti kilichokatika. Vile vidole vitatu vya kwenye majivu havikwenda kwa fundi.

Hesabu hiyo haikunipitia kichwani hata kidogo. Mwalimu wangu wa fizikia akisoma hapa hatashangaa.

Baba akarudi. Njia ikakauka kidogo, Mama Zaina akaleta mzigo. Asubuhi ya safari baba akavuta kijiti. Oili ilikuwa imegusa ncha tu.

Akakivuta tena. Ileile.

Akalala chini ya lori akitafuta panapovuja. Hapavuji. Akapitisha kidole kwenye kila nati. Pakavu. Mwishoni akasema motere imeanza kunywa oili. Huku kwetu injini tunaiita motere, msinisahihishe hilo. Akachukua bidoni, lile dumu la oili, akajaza mpaka oili ikafika alama ya juu.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika faneli.

Hapa wakuu sitadanganya. Kitu kilinigusa moyoni, nikakiambia kinyamaze. Nilijiambia labda kweli motere inakunywa. Vitu vizee vina tabia zao.

Kwenda Kabambare alifika, lakini aliyosimulia aliporudi hayakuwa mazuri. Asubuhi lori likiwa baridi, sindano inasimama vizuri. Likipata moto kwenye kilima, sindano inaanza kutetemeka kama mutu wa homa, halafu inalala. Baba anazima, anakaa chini ya mti, anangoja ipoe, anawasha, anakwenda kidogo, inalala tena.

Safari ya siku mbili ikachukua tano.

Wenye pikipiki walimpita njiani, na pikipiki huku ndizo redio. Kabla lori halijafika Kasongo, Mama Zaina alishajua limesimama wapi na mara ngapi.

Kilichonishangaza ni baba. Alikuwa anasema motere haina kelele mbaya, haigongi, anaisikia vizuri. Kila asubuhi anawasha, anasimama kando, anainamisha kichwa na kusikiliza. Mama yangu akamwambia labda masikio yamechoka, umri unakwenda. Alisema kwa upole tu. Baba hakumaliza chakula.

Alhamisi Mama Zaina akaja uani. Akakataa kiti.

"Papa Amisi," akasema. Amisi ndiye mimi, kwa hiyo jina la baba kazini ni jina langu. "Hii gari nilikupa iko nzima."

"Ndiyo, Mama."

"Kesho fundi Ramazani aifungue. Akikuta kusine zimekufa, ufunguo nitamupa Bosco. Si hasira. Gari ni moja."

Kusine ni vile vipande vya chuma laini ambamo shafti kubwa ya injini inazungukia. Zikilika, oili inapita ovyo na presha inaanguka. Na dereva anayeendesha mpaka kusine zife, Kasongo hii hapewi tena lori. Atapewa pole.

Bosco ni dereva asiye na gari. Wiki ile alipita mbele ya uani kwetu mara tatu, na kila mara alisalimia lori kabla ya kutusalimia sisi.

Ijumaa asubuhi fundi Ramazani akafika. Ni fundi kweli, si fundi wa maneno. Ninaandika alivyofanya kwa sababu wengine humu watafaidika.

Kwanza alivuta kijiti. Oili iko kwenye alama ya juu. Akasema kiasi ni sawa, tuendelee.

Akanusa oili kama ina mazuti, yaani dizeli, ndani, maana mazuti ikivujia kwenye oili inaifanya nyepesi na presha inashuka. Haikunuka. Akaisugua kati ya vidole viwili na kuigeuzia jua, akitafuta vumbi la chuma linalong'aa. Hakuliona. Hilo lilimkera, kwa sababu kusine zikilika lazima ziache vumbi.

Akabadilisha filta. Hakuna kilichobadilika.

Akasema labda sindano inasema uongo. Akafungua ile sensa ya presha ubavuni mwa injini, mahali pake akafunga manometa ya kupimia presha aliyoazima kwa mtu wa kujaza upepo wa matairi. Baridi, kilo nne. Akaiacha iungurume mpaka ikapata moto. Kilo mbili. Moja. Chini ya moja, na mshale unatetemeka.

Sindano haikuwa inadanganya.

Akavuta kijiti tena, injini ikiwa ya moto. Safari hii akakitazama muda mrefu. Oili ilikuwa na povu, vipovu vidogo vidogo kama sabuni ya kufulia.

"Hii povu inatoka wapi?" akauliza, kama anamwuliza lori.

Baba akasema labda maji yameingia. Ramazani akakataa, oili yenye maji inageuka kama maziwa, na hii bado nyeusi. Akaeleza kwamba povu ni hewa. Ama pampu inanyonya hewa mahali, ama oili imezidi ndani ya karta, lile bakuli la chini ya injini, mpaka shafti inaifikia na kuipiga kama mama anayepiga mayai. Pampu ikipewa povu, inasukuma hewa. Hewa haina presha.

"Lakini kuzidi haijazidi," akasema. "Kijiti iko hapa."

Wote wakakitazama kijiti. Mama Zaina pia, alikuwa amefika na mwavuli wake.

Wakuu, nimefanya mitihani ya serikali. Hakuna uliowahi kunitisha vile. Pale uani palikuwa na watu wazima watatu wenye akili, na wote walikuwa wanauamini ukanda wa balo la mitumba.

Vile vidole vitatu vikanijia kichwani vikiwa vimepanga mstari.

Adhana ikalia. Ramazani akasema baada ya swala ya Ijumaa anafungua injini. Wakaenda msikitini, Mama Zaina akaenda kwa dada yake jirani. Mimi nikasema naharisha.

Mwenyezi Mungu anisamehe. Sikuwa naharisha, ila nilikuwa karibu.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nipunguze oili kimyakimya, presha irudi, watu waseme filta mpya imefanya kazi, baba abaki na ufunguo, mimi nibaki na mgongo. Nikaingia chini ya lori na beseni, nikalegeza nati ya kumwagia. Ikanipa mkono mweusi mpaka kwenye kiwiko, lakini nikatoa karibu lita tano. Nikakaza. Oili nikaificha nyuma ya choo.

Najua kuna mkuu ataniuliza kwa nini sikusema tu ukweli. Mkuu, wewe ulikuwa na umri gani ulipoanza kusema ukweli?

Walipotoka msikitini, nikamwambia Ramazani kwa adabu kubwa kwamba labda apime mara ya mwisho kabla ya kufungua. Akanitazama. Mimi kuwa na adabu si jambo la kawaida. Lakini akawasha.

Ikaunguruma. Ikapata moto. Baba alisimama karibu na manometa, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Kilo nne. Tatu na nusu. Tatu.

Tukangoja. Tatu, na mshale umetulia.

Ramazani akakuna kichwa, akasema filta ilikuwa inahitaji muda. Mama Zaina akashusha mwavuli. Baba alicheka, na nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu arudi Kabambare. Nikajiambia Amisi, wewe ni mwanaume.

Halafu baba akazima injini, akangoja kidogo oili ishuke, akavuta kijiti.

Kikavu. Hata ncha haikugusa.

Uso wake ukarudi ulivyokuwa. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba sasa motere inakunywa hata ikiwa imesimama. Akaenda kuchukua bidoni.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho lita tano za nyuma ya choo hazikunifundisha. Niliweza kutoa oili leo. Kesho asubuhi angejaza. Na keshokutwa. Kijiti kile kingemdanganya kila siku aliyoiumba Mungu, mpaka injini ife kweli, safari hii bila mchezo.

Alikuwa ameshafungua kifuniko. Bidoni imeinama.

"Baba, usitie."

"Kwa nini?"

"Kijiti iko kifupi."

Akaacha kuinamisha bidoni. Alikichukua kijiti, akakipangusa kwa kidole gumba kwa nguvu, masizi yangu yakatoka, na chini yake ikatokea rangi ya buluu.

Mama Zaina akasogea. Mwanamke huyu amefungua mabalo maisha yake yote.

"Hii si ya balo?"

Nikasema yote. Simbilisi, makaa, ndoo ya maji, fundi wa baiskeli, beseni, choo. Niliposema tumekichomekea nyama, Ramazani alikaa chini kwenye tairi, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Baba hakucheka. Mama Zaina naye hakucheka, akaanza kuongea polepole kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Basi, Papa Amisi, kosa haiko yako. Iko ya huyu mutoto."

Mlango ulikuwa wazi, wakuu. Angesema ndiyo, mimi ningechapwa, mambo yangeisha. Hata mimi nilikuwa namwombea aseme ndiyo.

Baba akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya bampa.

"Hapana, Mama. Kijiti nilikivuta kila asubuhi na mukono yangu, sikukiangalia hata siku moja. Nilikuwa naangalia oili tu. Gari iko mikononi mwangu, kosa iko yangu. Ufunguo ni ule."

Mama Zaina akautazama ufunguo. Kuku wetu wakapita kati yetu bila haraka. Mimi nilikuwa nahesabu vidole vya miguu yangu.

"Madereva wote nilikuwa nao," akasema, "walisema kosa iko ya barabara." Akafungua mwavuli. "Utanipakilia chumvi Jumatatu."

Akaanza kuondoka, halafu akageuka kwangu. Akaniambia niende kwa Bosco, mimi mwenyewe, nimweleze kwamba hakuna lori, na nimweleze kwa nini. Bosco nilimkuta ameshafunga begi lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nyama ilikuwa tamu kiasi gani. Sikujua kama ni matusi au ni swali.

Siku hiyohiyo Ramazani akamwaga oili yote. Injini ile inataka lita kumi na nne, analijua hilo kama anavyojua watoto wake. Tukachukua ukanda mwingine wa balo, mrefu wa kutosha. Akatia lita kumi na mbili, akawasha kidogo, akazima, tukangoja muda wa kunywa chai. Akachomeka kijiti kipya na kukivuta. Pale oili ilipofika, nikapiga tupa: alama ya chini. Akaongeza lita mbili za mwisho, tukangoja tena, nikapiga tupa: alama ya juu. Baba ndiye aliyenishikia kijiti nisikosee, na hakuniambia neno lolote zaidi ya "taratibu."

Baadaye mgongo wangu ulipata haki yake. Sitaeleza, humu kuna wakubwa kwa wadogo.

Jumatatu lori likaondoka na chumvi. Mimi nikaenda shule, nikakaa darasani bila kusikia kitu. Jumanne jioni simu ya mama ikalia, baba akataka kuongea na mimi. Kabambare mtandao ni wa kubahatisha, nikasikia upepo tu, halafu sauti yake.

"Sindano imesimama," akasema. Simu ikakatika.

Mama akaniuliza amesema nini.

Nikamwambia amefika.

Nilichojifunza wakuu ni hiki. Presha ikishuka kwenye gari la zamani, kila mtu anakimbilia kusine na pampu, vitu vya ndani, vya kutisha. Anzeni na kile mnachopimia. Kama hamkijui kimetoka wapi, mwageni oili yote, mtie kiasi mnachokijua, muone kijiti kinasemaje. Na mkiona povu jeusi, msiongeze hata tone.

Na kama kuna kosa unalolijua wewe peke yako, ukilirekebisha kwa siri litarudi asubuhi.

Sasa nawaachia uwanja. Mafundi mnisahihishe niliposema vibaya. Madereva mniambie: ni kifaa gani kiliwahi kuwaongopea, na mlichukua muda gani kukitilia shaka?